Fedha za kunusuru uchumi humnusuru nani?

*Mtikisiko wa mwaka 2008 uliwapa wakulima wa pamba na wafanyabiashara wa Mwanza somo ambalo bado lina faida*

BEI ya pamba inapoanguka, wa kwanza kuumia ni mkulima wa Magu, Kwimba, Misungwi au Sengerema. Wa pili ni mfanyabiashara mdogo wa Mwanza, na hapo ndipo watu wa Kiseke wanapoingia katika hesabu.

Kata ya Kiseke, wilayani Ilemela, haijulikani kwa mashamba ya pamba. Inajulikana kwa makazi, zikiwamo nyumba zilizojengwa na mfuko wa pensheni wa PPF, pamoja na maduka, vibanda vya mafundi na genge karibu kila kona. Hata hivyo, sehemu ya fedha inayozunguka katika maduka hayo hutoka vijijini kwenye pamba na nyingine hutoka ziwani kwenye samaki. Msimu ukiwa mzuri, mkulima huja mjini kununua mabati, saruji, baiskeli na sare za watoto. Msimu ukiwa mbaya, mabati hulala dukani, fundi ujenzi hukosa kibarua na mama ntilie hupunguza mchele anaopika.

Ndiyo maana kila serikali inapotangaza fedha za kunusuru uchumi, mabishano huanza vijiweni. Upande mmoja husema bila mkono wa serikali watu wa chini wangekwisha. Upande wa pili husema fedha hizo ni kodi za wanyonge zinazokwenda kuwaokoa wakubwa. Kila upande una mifano yake, na mara nyingi wote wawili wanasema kweli.

Mtihani mkubwa wa jambo hili katika Kanda ya Ziwa ulikuja kati ya mwaka 2008 na 2010. Aliyeuona msimu ule ana mengi ya kumfundisha anayepanga biashara yake leo.

Mtikisiko ulivyofika Mwanza

Septemba 2008 benki kubwa ya Marekani, Lehman Brothers, ilifilisika. Benki nyingine duniani zikaogopa kukopeshana, viwanda vya nguo vikapunguza oda, na bei ya pamba ikaanza kuteremka. Katikati ya mwaka 2008 ratili moja ya pamba nyuzi katika soko la dunia iliuzwa kwa zaidi ya senti 70 za dola. Mwanzoni mwa mwaka 2009 ilikuwa imeshuka hadi karibu senti 50.

Wakati wa anguko hilo ulikuwa mbaya kwa Tanzania. Ununuzi wa pamba mbegu hufanyika kuanzia katikati ya mwaka, kisha pamba hupelekwa kwenye vinu kuchambuliwa na marobota huuzwa nje miezi inayofuata. Maana yake ni kwamba mwaka 2008 vyama vya ushirika na makampuni vilimlipa mkulima kwa bei ya kabla ya mtikisiko, vikiwa vimekopa fedha hizo benki. Marobota yalipokuwa tayari kuuzwa, bei ilikuwa imekwisha kuporomoka.

Hivyo hasara ya kwanza ilimwangukia mnunuzi, siyo mkulima. Lakini mnunuzi aliyeshindwa kulipa deni la mwaka 2008 hawezi kukopeshwa tena mwaka 2009. Na asipokopeshwa, hana cha kwenda nacho kijijini kununua pamba. Hasara ya mwenye kinu ilikuwa njiani kuelekea kwa mkulima ambaye wakati huo alikuwa shambani akipalilia.

Ziwani nako hali haikuwa shwari. Viwanda vya minofu ya sangara vya Mwanza hutegemea wanunuzi wa nje, hasa Ulaya, na mnunuzi wa Ulaya anapobana matumizi, bei mwaloni hubanwa pia.

Kitaifa, uchumi haukuporomoka. Kwa takwimu za wakati ule, ulikua kwa asilimia 7.4 mwaka 2008 na asilimia 6.0 mwaka 2009. Lakini wastani wa taifa hauliwi. Mkulima wa pamba na muuza mabati walikuwa katika mdororo wao, hata kama simu na madini vilikuwa vikiendelea vizuri.

Serikali ilifanya nini

Mapema mwaka 2009 serikali iliunda kikosi kazi kilichoongozwa na aliyekuwa Gavana wa Benki Kuu, Profesa Benno Ndulu. Juni mwaka huo, mjini Dodoma, Rais Jakaya Kikwete alitangaza mpango wa kunusuru uchumi wenye thamani ya takriban Sh. trilioni 1.7.

Si fedha zote zilikuwa za mazao. Sehemu ilikuwa ya kuziba mapengo ya mapato ya serikali ili huduma na miradi isisimame. Kwa wakulima, lililogusa zaidi lilikuwa fungu la Sh. bilioni 21.9 la kufidia hasara za vyama vya ushirika na makampuni yaliyonunua pamba na kahawa msimu wa 2008/09. Aidha, serikali ilikubali kudhamini mikopo iliyokwama ili marejesho yake yasogezwe mbele, na iliweka utaratibu wa kuwapatia wanunuzi mitaji ya msimu uliofuata.

Wanaoutetea mpango huo wana hoja nzito, na inaeleweka vizuri kwa kupiga hesabu.

Tuchukue mfano wa mkulima mwenye ekari mbili za pamba anayevuna kilo 600, kwa tarakimu za kurahisisha hesabu. Bei ikiwa Sh. 500 kwa kilo, anapata Sh. 300,000. Ikishuka hadi Sh. 400, anapata Sh. 240,000. Amepoteza Sh. 60,000, na hilo ni pigo kwa familia. Lakini kama mnunuzi hakufika kabisa, anapoteza Sh. 300,000 yote, na pamba hailiwi wala haisagwi unga. Bei ndogo ni jeraha. Kukosa mnunuzi ni msiba.

Kwa mtazamo huo, fedha iliyompa mnunuzi uwezo wa kurudi kijijini ilimfaa mkulima hata kama haikupita mkononi mwake. Ilimfaa pia muuza duka wa Kiseke ambaye pengine hakuwahi kusikia neno fidia.

Wanaopinga nao wana yao

Wapinzani wa mpango ule hawakatai kwamba mnunuzi alihitaji kuokolewa. Wanauliza kwa nini ukombozi uliishia kwake. Fidia ililipwa kwa aliyekuwa na hesabu za kuonyesha hasara na deni benki. Mkulima hakuwa na vitabu hivyo. Mvuvi wa Igombe na mchuuzi wa Mwaloni Kirumba hawakuwamo katika fidia hiyo, kwa kuwa ilihusu pamba na kahawa. Fundi wa Kiseke aliyekosa kazi kwa sababu pamba imeshuka hakuwa na dirisha la kupeleka madai yake.

Hoja yao ya pili ni uwazi. Bungeni kulizuka maswali kuhusu nani alipata nini, na mwaka 2011 wabunge walitaka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali azikague fedha hizo. Msaada unaotolewa haraka hutolewa na daftari jembamba, na daftari jembamba huvutia wajanja.

Ya tatu ni mazoea. Mnunuzi akifidiwa kila anapopata hasara, faida itakuwa yake na hasara itakuwa ya walipa kodi. Mwaka wa neema hataona sababu ya kuweka akiba.

Pamba ya Marekani, 1933

Mabishano haya si mageni. Katika mdororo mkubwa wa miaka ya 1930, bei ya pamba Marekani ilianguka vibaya. Mwaka 1933 serikali ya Rais Franklin Roosevelt iliwalipa wenye mashamba ili wang'oe pamba iliyokwisha kuota, mamilioni ya ekari, kwa lengo la kupunguza pamba sokoni na kuinua bei. Bei ilipanda kweli, na wengi waliokuwa karibu kupoteza mashamba yao wakapata pumzi.

Lakini malipo yalipitia kwa mwenye ardhi. Waliolima kwa kugawana mavuno, wengi wao Weusi maskini wa majimbo ya kusini, mara nyingi hawakupewa fungu lao. Wapo waliofukuzwa kabisa, kwa kuwa ekari zilizopunguzwa hazikuhitaji tena mikono yao. Mpango uleule uliokuwa mwokozi kwa mmoja ukawa fukuzo kwa mwingine.

Wakati huohuo Tanganyika ilikuwa chini ya Waingereza, na jibu la mdororo lilikuwa jingine. Bei za mazao zilipoanguka, serikali ya kikoloni haikuleta fidia kwa mkulima. Ilianzisha kampeni ya kuwahimiza watu walime mazao zaidi, na kodi iliendelea kudaiwa. Mkulima alitakiwa kufidia bei ndogo kwa jasho kubwa. Huo nao ulikuwa mpango wa kunusuru, ila aliyenusuriwa kwanza ni hazina ya serikali.

Katika mifano yote miwili, msaada ulimfaa zaidi yule aliyekuwa karibu na mlango ulikoingilia.

Fedha zinapomfikia mwenyewe

Tanzania imejaribu pia njia ya kumfikia mwananchi moja kwa moja. Baada ya bei za chakula na mbolea kupanda duniani, mwaka 2008 ulianza mfumo wa vocha za pembejeo, hasa kwa wakulima wadogo wa mahindi na mpunga. Vocha ililipia takriban nusu ya gharama ya mbolea na mbegu bora, na mkulima akatoa nusu iliyobaki. Mamilioni ya kaya zilifikiwa kabla ya mfumo huo kufikia ukomo wake mwaka 2014.

Ulikuwa na kasoro zake. Wapo waliokosa hata ile nusu yao wakaishia kuuza vocha kwa fedha kidogo. Wapo mawakala waliotoa pembejeo wakasubiri malipo muda mrefu. Na pembejeo zilipochelewa, mvua hazikuzisubiri.

Njia nyingine ni Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, ulioanza mwaka 2000. Mpango wake wa kunusuru kaya maskini ulifikia zaidi ya kaya milioni moja katika muongo uliofuata mwaka 2010. Tathmini zilionyesha kaya zilizopokea ruzuku ziliongeza matumizi ya chakula na nyingi zikaanza kufuga kuku na mbuzi. Kwa muuza duka hili lina maana kubwa: fedha ndogo ikitua kwa mtu mwenye njaa, hurudi dukani wiki ileile kwa sura ya unga, sabuni na mafuta.

Hata hivyo, ruzuku ya kaya haiwezi kumleta mnunuzi wa pamba. Kila msaada una kazi yake. Fedha ya mtaji wa ununuzi huokoa soko, na fedha ya kaya huokoa chungu. Mpango unaofanya moja tu na kudai umefanya yote ndio unaoleta manung'uniko.

Bei nzuri, mfuko mtupu

Msimu wa mwaka 2019 ulitoa somo jingine. Bei elekezi ya pamba ilipangwa kuwa Sh. 1,200 kwa kilo, na wakulima walifurahi. Lakini bei ya dunia ilishuka na wanunuzi wakasita, wakisema watapata hasara. Serikali iliingilia kati kwa mazungumzo na wanunuzi pamoja na mabenki. Pamba ilichukuliwa, ila wakulima wengi walikaa miezi wakisubiri malipo.

Kwa mwenye ada ya shule ya kulipa, Sh. 1,200 ya Desemba inaweza kuwa ndogo kuliko Sh. 1,000 ya Julai. Akikopa kwa riba wakati akisubiri, riba inakula ile bei nzuri. Ulinzi wa bei usio na fedha nyuma yake humhamishia mkulima kazi ya kuikopesha soko lake mwenyewe.

Kwa upande wa biashara ndogo, mwaka wa fedha 2006/07 ilianza mikopo iliyobatizwa jina la "mabilioni ya JK", takriban Sh. bilioni moja kwa kila mkoa wa Tanzania Bara, ikipitia mabenki. Tatizo lilikuwa lilelile la mlango: benki hukopesha anayekopesheka, na mchuuzi asiye na dhamana wala vitabu alibaki akisoma habari gazetini. Wapo pia waliochukua wakiamini ni zawadi, hawakurejesha, wakaharibia wenzao.

Leo mlango ulio karibu zaidi na mchuuzi wa Kiseke ni ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayotengwa kuwakopesha wanawake, vijana na watu wenye ulemavu bila riba. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, ikarejeshwa mwaka 2024. Kusimama kwake ni ukumbusho kwamba mkopo wa serikali unaweza kukatika, na biashara isijengwe juu yake peke yake.

Wala msaada si lazima uwe fedha. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Ulaya ilipofunga soko kwa samaki wa Ziwa Victoria, kwanza kwa hofu ya vijidudu na kisha kwa uvuvi wa sumu, kilichofungua mlango tena kilikuwa ukaguzi bora na kudhibiti uvuvi haramu. Fidia peke yake isingemrudisha mteja.

Maswali ya kuuliza

Mkulima au mfanyabiashara anaposikia mpango mpya umetangazwa, badala ya kuushangilia au kuulaani mara moja, aupime kwa maswali matatu.

Kwanza, fedha inaanzia kwa nani? Ikiwa inaanzia kwa mnunuzi au benki, auliza ni sharti gani linamlazimisha aipeleke kwa mkulima. Fidia isiyo na sharti la kununua pamba ya msimu unaofuata hulipa deni la jana tu.

Pili, inafika lini? Mbolea huhitajika kabla ya mvua, mtaji wa kununulia huhitajika kabla ya mavuno, na ruzuku ya kaya huhitajika miezi ya njaa.

Tatu, ni ruzuku, mkopo au dhamana? Ruzuku hairudishwi. Mkopo unarudishwa. Dhamana haimfutii deni aliyekopa. Wengi wameuza ng'ombe kwa kutotofautisha haya matatu.

Yapo pia maandalizi ambayo hayasubiri tangazo. Mkulima atunze stakabadhi za mauzo yake, awe hai katika chama chake cha msingi na ajiandikishe kwenye daftari la wakulima. Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya mbolea na serikali ikatenga Sh. bilioni 150 za ruzuku, ambaye hakuwa ameandikishwa hakuipata mbolea ya ruzuku. Mchuuzi naye aandike mauzo ya kila siku hata kwenye daftari la mwanafunzi, na kikundi chake kiwe na katiba, akaunti ya benki na kumbukumbu za vikao. Msaada humwona kwanza mwenye karatasi.

Kwa serikali na wadau wa pamba, somo ni kuandaa mwavuli kabla ya mvua. Machi 2011, miaka miwili tu baada ya anguko, pamba ilivuka dola mbili kwa ratili katika soko la dunia, na msimu huo bei nchini ilifunguliwa kwa zaidi ya Sh. 1,000 kwa kilo. Huo ndio ulikuwa wakati wa kutenga shilingi chache kwa kila kilo kwa ajili ya mwaka mbaya, katika mfuko unaojulikana, unaokaguliwa na ambao mkulima ana kauli ndani yake. Mfuko wa aina hiyo hautafuti fedha wakati kila mtu amefilisika.

Hivyo wanaobishana vijiweni Kiseke wanaweza kugawana ushindi. Fedha za kunusuru uchumi husaidia, na mpango wa mwaka 2009 ulimpa mnunuzi nafasi ya kurudi kijijini. Lakini fedha hizo zilianzia juu, na haikuwapo njia iliyoandaliwa ya kuzishusha hadi kwa mkulima, mvuvi na fundi.

Akiba haiozi, walisema wazee. Kwa mkulima akiba hiyo ni shilingi, ni gunia ghalani, na ni karatasi inayothibitisha kwamba alikuwapo, alilima na aliuza.